DINGI WA BOTI LA TANGA: KIPIMO NI MZIGO WA PAGAZI



Msishtuke na kichwa cha habari. Leo simzungumzii dingi wa nyumbani, yule mshua anayeuliza matokeo ya mtihani. Nazungumzia kile kimtumbwi kinachofungwa nyuma ya boti, kinachotumika kuwatoa watu ufukweni na kuwafikisha kwenye boti lililotia nanga, halafu kuwarudisha. Wazungu nao wanakiita dingi, na neno hilo hawakulibuni wao, walilichukua India, kwenye Kihindi na Kibengali. Watu wa Pwani wanakiita hori au kihori. Huku kwenye maziwa wengi wanasema tu mtumbwi mdogo. Mimi nitatumia kihori, maana nikisema dingi kila mstari mtanicheka.

Najua kuna atakayeuliza: Puge na vihori wapi na wapi? Tupo wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, hatuna ziwa wala bahari. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yamefika Nzega na Tabora kwa bomba tu. Sasa basi, barabara ya Tabora hadi Mwanza inapita hapa hapa kwetu, na vijana wanapanda basi kila siku kwenda kutafuta maisha ziwani. Mwaka huu vijana watatu wa hapa walichanga hela za mpunga na alizeti, wakanunua boti dogo la tanga Mwanza, mkono wa pili, urefu kama futi 20. Wakaniuliza mimi, kwa vile kazi yangu ya miaka mingi ni boti: bro, tununue kihori gani? Wakanitumia picha mbili. Moja ni mtumbwi wa gogo, mwembamba. Nyingine ni boti la mpira la kujaza upepo, mtumba. Swali langu la kwanza kwao halikuwa la bei. Niliwauliza nani kati yenu anajua kuogelea. Jibu: hakuna.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yao na kwa ajili ya kila kijana wa bara anayekwenda majini. Wengine mnasoma kafe na dakika zinakimbia, basi nawapa neno lenyewe mapema: kihori hakichaguliwi kwa sura. Kinachaguliwa kwa majaribio matatu, yaani KUNYANYUA, KUJAZA na KUZAMISHA. Kikifeli moja, achana nacho hata kama unapewa bure.

KWA NINI KITU KIDOGO KINA UZITO MKUBWA

Watu wanahangaika na boti kubwa: tanga, mlingoti, usukani, nanga. Kihori wanakinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Lakini hebu fikiria. Boti la tanga lenye mkuku haliwezi kusogea mpaka ufukweni, linatia nanga mbali kidogo. Kila anayepanda anapita kwenye kihori. Kila dumu la maji, kila gunia, kila kapu la samaki linapita humo. Usiku, mvua, upepo, mlevi, mgonjwa, wote humo humo. Ukijumlisha, kihori ndicho chombo unachokitumia mara nyingi kuliko boti lenyewe, na ndicho chembamba na chepesi kupinduka.

Halafu kuna kitu watu wa bara hatukielewi mpaka yatukute. Maji ya karibu na nchi kavu yanaua kama ya katikati. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, gati linaonekana kwa macho. Walikufa watu 228. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Kile ni kivuko, siyo kihori, lakini hesabu ni ile ile: uzito kupita kiasi, watu wanahama upande mmoja, basi.

Na upande wa pili wa shilingi upo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika mapema ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Boti dogo lililokaa sawa linaokoa. Lililokaa vibaya linaongeza idadi ya wa kuokolewa.

JARIBIO LA KWANZA: KUNYANYUA

Hapa sisi watu wa Unyamwezi tuna somo letu wenyewe. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka Bagamoyo na kurudi, miezi mitatu njiani. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Zaidi ya hapo mtu anakataa, au anakubali leo halafu kesho kutwa anautupa porini. Uzungu, cheo, bunduki, hakuna kilichobadilisha hesabu hiyo. Na boti zilipitishwa kwenye njia hiyo, kwa hiyo hesabu hiyo iliziamua nazo.

Mfano wa kwanza ni Burton na Speke. Walikuja mwaka 1857 kutafuta maziwa. Walikuwa na boti la chuma la vipande, wakaliita Louisa. Likaachwa pwani kwa kukosa wapagazi wa kulibeba. Walipofika Ujiji Februari 1858, ziwa lote lipo mbele yao na chombo hawana. Mwezi Machi Speke akavuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kumwomba Mwarabu mmoja amkodishe jahazi, akarudi mikono mitupu. Safari yao ya kaskazini mwa ziwa wakaifanya kwa mitumbwi ya watu, kwa bei ya watu na kwa ratiba ya watu.

Mfano wa pili ni Stanley. Boti lake Lady Alice lilijengwa Uingereza mwaka 1874, la mbao, urefu futi 40, vipande vitano. Lilipofika Zanzibar likapimwa, kipande kimoja kina karibu ratili 280. Hiyo ni mizigo minne ya pagazi kwenye kipande kimoja, na njia za porini ni za mtu mmoja mmoja. Ikabidi fundi seremala alikate upya, apunguze upana na kugawa vipande ndipo likabebeka. Baada ya hapo likazunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876. Angalia vizuri hapo: boti ni lile lile, mbao ni zile zile, kilichobadilika ni uzito wa kipande.

Tusiende mbali na mada. Kihori chako nacho kina wapagazi wake, na wapagazi hao ni nyie wenyewe. Kila jioni kinatakiwa kivutwe juu ya ufukwe, la sivyo mawimbi ya usiku yatakigonga kwenye mawe mpaka asubuhi, au wezi watakichukua. Kwa hiyo fanya hivi. Hesabu watu ambao watakuwepo SIKU ZOTE, siyo siku ya kununua. Zidisha kwa kilo 30. Kama ni wawili, kihori kitupu kisizidi kilo 60. Kama kuna siku utakuwa peke yako, basi utahitaji kitu cha kilo 30 hadi 40 unachoweza kukiburuta kidogo kidogo.

Kwa kulinganisha, kuna kiboti kinaitwa Optimist, kilibuniwa Marekani mwaka 1947 kwa ajili ya watoto kujifunzia tanga. Urefu ni mita 2.3 hivi, na ganda lake lina kilo 35. Huo ndio uzito wa kulenga. Boti la mpira la urefu huo mara nyingi ni kati ya kilo 20 na 30. Mtumbwi wa gogo mnene unaweza kuzidi hapo mara mbili au tatu, na ukilowa maji unazidi tena.

Usimsikilize muuzaji anayesema "hiki chepesi tu". Mwambie akishike upande mmoja, nawe upande wa pili, mtembee hatua ishirini mchangani. Mtajua.

JARIBIO LA PILI: KUJAZA

Hapa kuna hisabati kidogo lakini ni ya darasa la saba, usifunge ukurasa.

Chombo kinaelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua eneo la mita moja ya mraba: likizama sentimita moja, linasukuma lita 10, yaani linabeba kilo 10. Kwa hiyo zidisha urefu wa kihori kwa upana wake. Kwa kuwa kihori siyo sanduku, kina pembe zimekatwa huku na huku, chukua asilimia 70 tu ya jibu. Halafu zidisha kwa 10. Utapata ni kilo ngapi zinakizamisha sentimita moja.

Tuangalie vijana wangu watatu. Tuseme kila mmoja ana kilo 65, jumla 195. Wana madumu mawili ya maji ya lita 20, hizo ni kilo 40. Jumla ni 235.

Mtumbwi wa gogo: urefu mita 3, upana nusu mita. Eneo ni 1.5, asilimia 70 ni kama 1.05. Kila sentimita inabeba kilo 10 na nusu. Ongeza uzito wa mtumbwi wenyewe, tuseme kilo 60, jumla 295. Gawanya: unazama sentimita 28. Kama kina chake ni sentimita 35, ukingo uliobaki juu ya maji ni sentimita 7. Saba! Upana wa kiganja bila kidole gumba. Mtu akipiga chafya maji yanaingia.

Kihori cha mbao cha sakafu bapa: urefu mita 2.4, upana 1.2. Asilimia 70 ya eneo ni kama mita 2 za mraba. Kila sentimita inabeba kilo 20. Ongeza uzito wake kilo 40, jumla 275. Kinazama kama sentimita 14. Kama kina chake ni sentimita 40, ukingo uliobaki ni 26. Umeona? Kifupi kuliko mtumbwi, lakini kinabeba karibu mara mbili, kwa sababu ya upana.

Ukiniuliza ukingo gani unatosha, mimi sikubali chini ya sentimita 25 kwenye maji yaliyotulia, na upepo ukianza naacha mtu mmoja nirudi kumchukua. Safari mbili ni dakika kumi. Mazishi ni siku tatu.

Upana una faida nyingine, utulivu. Angalia mtu anavyopanda kutoka kihori kwenda boti kubwa: anasimama, anashika ubavu wa boti, anasukuma kwa miguu. Kihori kinakimbia upande mwingine, yeye anabaki katikati kama kamba ya nguo. Chembamba cha chini duara kinageuka papo hapo. Cha sakafu bapa kinalala kidogo halafu kinakataa. Kwa hiyo usinunue kabla hujafanya hivi: kiweke kwenye maji yanayofika kiunoni, ingia, simama katikati, halafu sogea taratibu ubavuni. Kikitaka kukutupa kwenye maji ya kiuno, kwenye maji ya mita kumi kitakutupa kweli.

Mtumbwi wa gogo una sifa zake, nisiuseme vibaya. Unakimbia, unapita kwenye matete, ni imara kwenye mawe, na mtu aliyezaliwa Ukerewe au Kigoma anaukalia kama sisi tunavyokalia baiskeli. Lakini ni chombo cha mtu mzoefu mmoja au wawili, siyo cha kuvusha wageni na madumu.

JARIBIO LA TATU: KUZAMISHA

Hili watu hawalifanyi kabisa, nalo ndilo la maana kuliko yote. Kijaze kihori maji mpaka pomoni, makusudi, mahali pafupi. Kinafanyaje?

Cha mbao kitupu kitabaki kinaelea juu juu, kwa sababu mbao ni nyepesi kuliko maji. Cha faiba au cha bati kikijaa kinakwenda chini moja kwa moja kama hakikuwekewa kitu cha kukielesha. Na hata cha mbao, ukikifunga injini na nanga, kinaweza kukuaga. Cha mpira ndicho bingwa hapa: hata kikijaa maji mapipa yake ya upepo yanakishika, na kikitoboka pipa moja mengine yanabaki, mradi kina vyumba zaidi ya kimoja. Uliza hilo. Cha chumba kimoja ni toi ya bwawa la kuogelea, noma tupu.

Dawa ya cha mbao na cha faiba ni rahisi na ya kwetu kabisa: madumu matupu. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri linasukuma juu karibu kilo 20. Funga mawili upande wa kushoto na mawili kulia, chini ya mbao za kukalia, kwa kamba madhubuti inayozunguka dumu lote, siyo mshikio peke yake. Yakae pembeni, siyo katikati, ili kihori kikijaa kibaki kimelala sawa. Mtu aliye ndani ya maji anahitaji kilo chache tu za kumsukuma juu ili kichwa kibaki nje. Kwa hiyo madumu manne yanashika kihori na watu watatu walioning'inia. Zungusha na kamba ya kushikia ukingoni kote, maana mikono yenye baridi haishiki ubao laini.

Ukimaliza kuyafunga, kijaze tena maji, ingieni wote watatu, mkae humo robo saa mkichota kwa kopo. Mkiweza kukitoa maji wenyewe, hicho kihori ni chenu. Na jaketi okozi kila mtu la kwake, linavaliwa kabla ya kuingia kihorini. Lililokunjwa kwenye boti kubwa halikusaidii ukiwa njiani kulifuata.

KITAKAA WAPI: KUFUNGASWA AU KUPAKIWA?

Boti likisafiri, kihori kinavutwa nyuma (watu wa Pwani wanasema kufungaswa) au kinapakiwa juu.

Kufungasa ni rahisi lakini kunapunguza mwendo, na mawimbi yakija kwa nyuma kihori kinakimbia kukugonga tezini au kinajaa maji na kuwa nanga usiyoitaka. Ukifungasa, pete ya kamba iwe imara na iwe chini mbele ya omo, ili kamba iinue pua badala ya kuizamisha. Kamba iwe ndefu, urekebishe mpaka boti na kihori vipande wimbi kwa pamoja. Toa makasia, toa injini, toa kila kitu. Na mtu asikae humo, hata kwa utani.

Kupakia juu ni salama zaidi, lakini pima nafasi kabla. Boti la futi 20 lina nafasi ndogo kati ya mlingoti na omo, na foromali inahitaji kupita bila kukwaruza kichwa cha kihori. Chukua futikamba, pima, halafu ndiyo uende sokoni. Wengi wanafanya kinyume. Kama nafasi haipo, hapo ndipo boti la mpira linaposhinda: unatoa upepo, unalikunja kama godoro, unaliweka chini.

Safari ya kuwa na vyombo viwili nayo siyo ngeni njia hii. Cameron, Mwingereza aliyepita Unyanyembe mwaka 1873, alipofika Ujiji Februari 1874 alipata vyombo viwili, kikubwa akakiita Betsy na kidogo Pickle, akaenda navyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, na Mei 1874 akafika pale mto Lukuga unapotokea ziwani. Na Liemba, ile meli ambayo vipande vyake vilipita Tabora kwa treni kwenda Kigoma kabla ya kuelea mwaka 1915, miaka yote ilipokuwa ikibeba abiria ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, na watu walishuka na kupanda kwa mitumbwi. Meli kubwa namna ile, na bado ilitegemea vidogo.

MBAO, FAIBA AU MPIRA?

MBAO. Fundi yupo kila mwalo na ukitoboa unaziba mwenyewe. Mninga wetu wa Tabora ni mzuri na unadumu, ila mbao nene inakula kilo zako zote. Plaiwudi ndiyo nyepesi. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 6 ina kama kilo 10, na ndiyo sababu vihori vingi duniani vina urefu wa futi 8: vinakatwa bila kuunga. Lakini plaiwudi ya dari siyo ya maji. Kata kipande, kichemshe saa nzima kwenye sufuria. Kikiachana tabaka tabaka, hiyo ni ya dari, mwachie fundi nyumba.

FAIBA. Laini, haiozi, matunzo kidogo. Inavunjika ikigonga jiwe, na mwambao wa Mwanza ni mawe matupu. Angalia nyufa chini na kwenye kona, na kumbuka madumu.

MPIRA. Mwepesi, mtulivu, hauzami kirahisi, haukwaruzi boti. Adui zake ni jua, miiba na mawe. Usiburuze, nyanyua. Mtumba ujaze upepo jioni, uache mpaka asubuhi. Ukilegea sana, kuna tundu au gundi imechoka. Tatizo lake kubwa ni kupiga kasia. Ni mwepesi juu ya maji, upepo unausukuma kama mfuko wa rambo. Ziwani mchana upepo huelekea nchi kavu, lakini usiku hugeuka kuelekea ziwani. Injini ikizima saa nne usiku na upepo unatoka nchi kavu, makasia mafupi ya plastiki hayatakurudisha. Kwa hiyo kama unachukua mpira, nunua makasia marefu ya mbao, jaribu kupiga dhidi ya upepo mchana, na beba kinanga kidogo chenye kamba ya kutosha. Nanga inakushikilia mpaka wenzako wakufikie.

Kitu kingine kwa vijana wa bara: kichocho. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji mafupi yenye majani, pale pale mnaposhukia. Kihori chenye pua pana kinachopanda mchangani kinakushusha mguu mkavu. Chenye pua ndefu nyembamba kinakuteremsha kwenye maji ya goti kila siku. Hiyo nayo ni sababu ya kuchagua.

NILICHOWAJIBU

Wale vijana nimewaambia waache zote mbili za kwenye picha. Mtumbwi umefeli kujaza. Mpira ulikuwa wa chumba kimoja, umefeli kuzamisha kabla ya kuugusa. Nimewashauri waende kwa fundi wa mwalo wajengewe kihori cha plaiwudi, futi 8 kwa 4, sakafu bapa, pua pana, kilo zisizidi 45, madumu manne, kamba ya ukingoni, makasia mawili na la akiba. Wakifungase wakati wa shwari, na wakipakie juu upepo ukianza. Kwa mambo ya ukaguzi waulize ofisi ya TASAC Mwanza, hao ndio wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini huku Bara.

Na sharti la mwisho, ambalo halipo kwenye kihori: kabla boti halijatoka, wote watatu wajifunze kuogelea, angalau kuelea na kusogea mita 50. Wawili wamekubali. Mmoja anasema atajifunza mbele ya safari. Nimemwambia asipande.

Wadau wa Ukerewe, Kigoma, Bagamoyo, Unguja na hata mlioko ughaibuni kwenye boti za watu, mwageni uzoefu wenu hapo chini. Hasa nataka kusikia kwa waliofungasa kwenye mawimbi ya nyuma: kamba yenu mliipa pima ngapi?